Pima Samaki Kabla ya Kupima Tangi: Maswali Yenu Kuhusu Oska na Jamaa Zake

Barua nyingi za safari hii zinahusu samaki wa kufugwa tangini waitwao sikilidi, wale wakubwa wa Amerika Kusini: oska, severamu, grini tera na wenzao. Ni ukoo mmoja na perege, kwa hiyo aliyewahi kumwona perege akilinda vifaranga vyake ameshaonja ukali wao. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

Swali: Habari za kazi. Nimenunua oska wawili, kila mmoja ana urefu wa kidole changu. Tangi langu ni sentimita 120 kwa 45, kimo 50. Muuzaji kanihakikishia kwamba samaki hukua kulingana na tangi, nisihangaike. Ni kweli?

Si kweli, na maneno hayo yameua oska wengi kuliko ugonjwa wowote. Oska (Astronotus ocellatus) mwenye chakula na maji safi huongezeka sentimita 2 hadi 2.5 kwa mwezi katika miezi ya mwanzo. Akitimiza mwaka atakuwa anakaribia sentimita 25, na akikomaa hufika 30, wengine 35. Anayebaki mdogo kwenye tangi dogo amedumaa, na kinachomdumaza ni maji yaliyojaa taka zake mwenyewe. Utamtambua kwa macho yanayoonekana makubwa kupita kichwa, mwili uliofupika na rangi iliyofifia. Samaki wa namna hii hufa miaka mingi kabla ya wakati wake; oska anayetunzwa vizuri hupita miaka 10.

Sasa tangi lako. Ukizidisha 120 × 45 × 50 unapata lita 270, na ndivyo litakavyoandikwa dukani. Lakini hivyo ni vipimo vya nje. Kama kioo ni cha milimita 10 na maji yanaishia sentimita 5 chini ya ukingo, kilichobaki ni 118 × 43 × 44, yaani lita 223. Weka mchanga na gogo, umebaki na lita 210 hivi. Dozi ya dawa ya kuondoa klorini na dozi ya tiba yoyote zipigie hesabu ya hizo 210, si 270.

Hata hivyo lita si jambo tunalolitazama kwanza. Chukua rula ya sentimita 30 uilaze kwenye sakafu ya tangi, kutoka kioo cha mbele kwenda cha nyuma. Imebakiza sentimita 13. Hiyo rula ndiyo oska wako mwakani. Sasa weka gogo lenye unene wa sentimita 15 uzungushe rula upande wa gogo hilo: inagota. Samaki anayegota kila akigeuka huchubuka pua, hupasuka ncha za mapezi, na mwisho huacha kuogelea, akasimama pembeni siku nzima.

Kwa hiyo kanuni yetu inaanzia kwa samaki mzima: urefu wa tangi uwe angalau mara sita ya urefu wake, na upana wa mbele kwenda nyuma mara mbili. Kwa oska wa sentimita 30 hiyo ni 180 kwa 60. Kimo cha 50 au 60 kinatosha. Kimo hunenepesha hesabu ya lita bila kumpa samaki pa kupita. Tazama matangi mawili: moja 90 × 45 × 75, jingine 150 × 50 × 40. Yote yana kama lita 300, lakini la kwanza lina sakafu ya sentimita za mraba 4,050 na la pili 7,500. Sikilidi hugawana sakafu. Kila mmoja hujitwalia kipande chake chini, na lile tangi refu kwenda juu litakuwa uwanja wa vita.

Tangi lako litawalea hao wawili mpaka wafike sentimita 15 hivi, yaani miezi mitano au sita kutoka leo. Ukiona hutapata la 180 kwa wakati huo, mtafutie mmoja makao mengine akiwa bado mdogo, na huyo anayebaki umwandalie tangi la 150 kwa 60; oska wa peke yake tunamlegezea urefu kidogo. Chini ya hapo hatumshauri mtu kufuga oska mzima, hata akiwa peke yake.

Swali: Shikamooni wataalamu. Nina tangi la 180 × 60 × 60, maji yameshakomaa, yaani bakteria wanaokula taka za samaki wameshajijenga, na sumu za taka hizo, amonia na nitriti, ni sifuri. Nataka oska, lakini nisingependa tangi zima liwe la oska tu. Niwaweke na nani?

Marahaba. Anza na mdomo wa oska. Chochote kinachoingia mdomoni humo kitamezwa, kama si leo basi usiku mmoja wa mwezi ujao. Neoni, gapi na tetra wadogo wote wamekwisha hapo.

Kuna walio wabaya zaidi kuliwa kuliko kutoliwa. Kambare wadogo wa jenasi Corydoras wana mwiba mgumu mbele ya pezi la mgongoni na mwingine mbele ya kila pezi la kifuani. Akishikwa huitanua yote mitatu na kuifunga kwenye maungio yake, kama mwavuli uliofunguka ndani ya mfuko. Oska aliyembeba hawezi kumeza wala kutema. Utamkuta mdomo wazi, mkia wa kambare unachungulia, matamvua yanapiga haraka. Mara nyingi wote wawili hufa. Kambare piktasi (Pimelodus pictus) ana miiba mirefu zaidi yenye meno ya msumeno, naye huleta balaa hilohilo.

Mwenzi tunayempendekeza bila kusita ni siliva dola (Metynnis), kundi la sita. Hufika sentimita 12 hadi 15, mwili wake ni duara bapa la kimo kirefu lisilopita kooni, ana mbio, na hushika maji ya katikati ambayo oska hayagombei. Faida nyingine huonekana baada ya wiki mbili tatu: kundi likizunguka wazi bila hofu, sikilidi nao hutoka mafichoni, kwa sababu samaki wa wazi waliotulia ni ishara kwamba hakuna hatari juu. Gharama yake ni mimea. Siliva dola hula kila jani, na atakachobakiza oska atakifukua.

Severamu (Heros efasciatus) wa sentimita 20 hukaa vizuri na oska kwenye sakafu kama yako. Sikilidi chokoleti (Hypselecara temporalis) ni mkubwa, sentimita 25 hadi 30, lakini mpole kwa umbo lake. Kwa oska mkorofi ataonewa. Uaru naye ni mpole, mla majani, na hustawi zaidi akiwa kundi.

Wachekecha mchanga wa jenasi Geophagus tunawapenda sana, ila wanahitaji kufikiriwa. Hawa huchota mchanga mdomoni, wakachambua chakula, na mchanga ukatokea kwenye matamvua. Wanataka mchanga laini wa chembe zisizofika milimita 1. Kwenye changarawe yenye kingo kali huchanika midomo na matamvua, na hula polepole, hivyo oska huwamalizia chakula kabla hakijafika chini. Ukiwapenda wao, jenga tangi juu yao: Geophagus sita, severamu wawili, siliva dola sita, na oska usimlete.

Pleko, yule kambare mla mwani, je? Yule wa kawaida (Pterygoplichthys) huuzwa akiwa na sentimita 6 na hufika 40 au zaidi. Hatakusafishia tangi, anatoa kinyesi kingi kuliko mwani anaokula. Akishinda na njaa huwapanda samaki bapa usiku na kukwangua ute wa ubavuni. Ukiona alama za duara zilizopauka ubavuni mwa oska asubuhi, mtazame pleko. Mpe tango, boga na gogo la kutafuna, na mmoja anatosha.

Kwa tangi lako tungeweka ama oska wawili, siliva dola sita na pleko mmoja, ama oska mmoja, severamu wawili na siliva dola sita. Hapo umejaza. Nafasi utakayoiona wazi mwezi wa kwanza ni ya miili ambayo bado haijakua.

Utaratibu wa kuwaingiza una uzito sawa na uchaguzi wenyewe. Siliva dola waingie kwanza, wakiwa tayari wamepita sentimita 7. Wiki tatu au nne baadaye severamu. Oska waje mwisho, wakiwa wadogo, ili wakute wenyeji. Oska aliyekaa peke yake miezi minne anahesabu tangi zima ni lake, na mgeni yeyote ni mvamizi. Kila kundi likae karantini tangi la pembeni wiki tatu hadi nne kabla ya kuunganishwa.

Wala usichanganye Amerika Kusini na Amerika ya Kati kwa kuwa tu wanauzwa rafu moja. Jagwa (Parachromis managuensis) na shetani mwekundu (Amphilophus labiatus) asili yao ni upande wa Nikaragua na jirani zake. Wanapenda maji magumu zaidi, na ukali wao ni wa daraja nyingine. Oska ana mwili mkubwa na roho nyepesi: akipigwa mara mbili tatu husalimu amri na kuacha kula.

Swali: Grini tera wangu dume anamfukuza severamu usiku na mchana. Tangi ni 150 × 50 × 50. Walikaa pamoja miezi saba bila tatizo. Kimebadilika nini?

Amebalehe. Grini tera (Andinoacara rivulatus), anayetoka mito ya Ekwado na Peru inayomwagika Pasifiki, huanza madai ya eneo akifika sentimita 10 hadi 12, na miezi saba uliyoitaja inatosha kumfikisha hapo. Tazama mambo mawili: je, kuna jiwe bapa ambalo ameling'arisha kwa mdomo? Na je, chini ya tumbo, karibu na pezi la mkundu, kijibomba kidogo kimejitokeza? Ukiona hayo, anajiandaa kuzaa hata kama hana jike.

Jaribu kwanza kumfutia ramani. Mtoe huyo mkali, si anayepigwa, umweke tangi la pembeni siku nne au tano. Wakati huo badilisha nusu ya maji na upange upya mawe na magogo yote, hasa hilo jiwe lake. Kizuizi kikubwa kiweke katikati, kimo chake kifike nusu ya maji, ili samaki aliye kushoto asimwone wa kulia. Sikilidi hufukuza anachokiona. Mstari wa macho ukikatika, ugomvi hupungua papo hapo. Mrudishe taa zikiwa zimezimwa, baada ya kuwalisha wote.

Kisha mtazame severamu. Kukimbia na kurudi kula ni maisha ya kawaida ya sikilidi. Lakini akisimama pembe ya juu nyuma ya hita, mapezi amekunja, rangi imekolea nyeusi, na magamba yanakosekana mkiani, hapo anauawa polepole. Usisubiri wiki iishe. Tenga tangi kwa wavu mgumu wa plastiki wenye matundu ya mraba, au mtoe moja kwa moja. Kwa upana wa sentimita 50 tunaamini mwishowe mmoja atalazimika kuondoka.

Swali: Oska wangu ana vishimo vidogo juu ya macho, vinaongezeka. Nabadilisha robo ya maji kila Jumamosi bila kukosa. Chakula ni moyo wa ng'ombe na samaki wadogo hai.

Huo ni ugonjwa wa matundu ya kichwa. Huanza kama vitobo vya ukubwa wa ncha ya pini kwenye vinyweleo vya hisia vya kichwani, kisha huungana na kutoa ute mweupe. Huhusishwa na nitrati (mabaki ya taka za samaki yanayojikusanya majini) iliyopanda muda mrefu, chakula chenye upungufu na vimelea vya utumbo vya Spironucleus. Barua yako inaonyesha mawili ya kwanza wazi.

Tuanze na robo ya maji. Tuseme samaki wako wanapandisha nitrati miligramu 40 kwa lita kila wiki, kiasi cha kawaida kwa oska kwenye tangi dogo. Ukibadilisha robo tu, nitrati haitulii mpaka ifike 160 Ijumaa na 120 baada ya kazi yako ya Jumamosi. Ukibadilisha nusu, itatulia kwenye 80 kabla na 40 baada. Nusu mara mbili kwa wiki, inakuwa 40 kabla na 20 baada. Na samaki haohao ukiwahamishia tangi lenye maji maradufu, nusu moja kwa wiki inakupa hiyohiyo 40 na 20. Hapo ndipo unapoona tangi kubwa linakufanyia kazi gani. Lenga isipite 40 kamwe, na 20 ndiyo afya.

Ila usishuke ghafla kutoka 160. Badilisha robo kila siku kwa siku nne au tano, kisha uhamie nusu mara mbili kwa wiki. Maji mapya yawe joto lilelile, lisitofautiane zaidi ya nyuzi 2, na uyatie dawa ya kuondoa klorini. Kuyalaza usiku kucha hupeperusha klorini, lakini baadhi ya mamlaka za maji hutumia kloramini, ambayo haitoki kwa kulazwa.

Moyo wa ng'ombe uache. Mafuta ya mnyama wa nchi kavu huganda mwilini mwa samaki na kulemea ini. Samaki hai nao huleta vimelea, na wakiwa wa jamii ya samaki-dhahabu wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1. Badala yake mpe chakula cha punje cha sikilidi chenye vitamini C, na mara mbili tatu kwa wiki kamba au minyoo ya ardhini iliyosafishwa. Oska mzima hutosheka kwa mlo mmoja kwa siku, anachomaliza ndani ya dakika mbili, na siku moja ya wiki akae bila kula. Atakusogelea kiooni na kutikisa mwili wote kuomba. Usimwonee huruma hapo.

Akianza kutoa kinyesi cheupe kama uzi na kukataa chakula, vimelea vimeshaingia. Dawa inayotumika ni metronidazo, na hufanya kazi vizuri zaidi ikichanganywa kwenye chakula wakati bado anakula. Dozi apange daktari wa mifugo. Vishimo vikishapona huacha kovu, hilo halina madhara.

Sponji za filta zisuuze kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, si bombani. Klorini ya bomba huua bakteria wanaokula amonia, na tangi la oska bila bakteria hao hugeuka sumu ndani ya siku mbili.

Swali: Tangi la 180 × 60 × 60 lina uzito gani? Na hita ya wati ngapi?

Maji pekee, likijaa, ni kilo 648. Vioo vya milimita 12 ni kama kilo 119, kwa kuwa mita moja ya mraba ya kioo hicho ina kilo 30. Ongeza mchanga, magogo na meza ya chuma. Hesabu kilo 850 hadi 900. Liweke ghorofa ya chini juu ya zege, na uthibitishe kwa pima maji kwamba meza imelala sawa kabla ya kujaza. Mwinamo mdogo hukusanya mzigo kwenye kona moja, na silikoni, gundi inayounganisha vioo, huanza kuachia hapo.

Hita weka mbili za wati 300, si moja ya 600. Moja ikikwama imewaka, haina nguvu ya kuwachemsha samaki kabla hujagundua. Ikifa, nyingine inashikilia joto. Kipimo ni nyuzi 25 hadi 28. Oska hung'oa hita za kioo na kuzigonga mpaka zipasuke, kwa hiyo zivalishe kinga ya plastiki. Kifuniko kiwe kizito au kifungwe, maana wanaruka.

Swali: Mbuna wa Ziwa Malawi na oska, tangi moja?

Hapana. Mbuna wanataka maji magumu yenye pH ya 7.8 hadi 8.6, oska hutulia kati ya 6 na 7.5. Mbuna hula mwani, na protini nyingi ya chakula cha oska huwaletea kuvimba tumbo. Oska naye atachoka kuchomolewa magamba na samaki wenye kasi mara tatu yake.

Swali: Nimeuziwa tukunare na kambare mkia-mwekundu, wote sentimita 10. Tangi ni la 180. Nikishindwa nitawapeleka mtoni.

Tafadhali usiwapeleke mtoni. Mwishoni mwa miaka ya 1960 tukunare (Cichla) waliingia Ziwa Gatún la Panama, na ndani ya miaka michache samaki wadogo wa asili walitoweka sehemu kubwa ya ziwa hilo. Tukunare wa jenasi hiyo wanaweza kupita nusu mita, na C. temensis hukaribia mita 1. Kambare mkia-mwekundu (Phractocephalus hemioliopterus) hupita mita 1, na atammeza mwenziwe mapema sana. Hakuna tangi la sebuleni kwa hawa.

Warudishe alikowauza, au uwatafutie mtu mwenye bwawa la ndani lililofungwa, sasa wakiwa wadogo, kwa sababu samaki wa sentimita 60 hapati mpokeaji. Siku ya kuwahamisha wawe hawajala kwa siku mbili. Kila mmoja awe kwenye ndoo yake yenye kifuniko, maji ya tangi lao yafike nusu, na pampu ya hewa ya betri. Mfuko wa plastiki usitumie kwa kambare: miiba ya mapezi yake itautoboa njiani.